Kadi ya Kliniki ya Mwaka 1991

Leo, tarehe 31 Mei 2019, Bibi S. Thilagavathi wa masjala anastaafu baada ya miaka thelathini na sita katika ofisi yetu ya hataza, yaani haki za kumiliki uvumbuzi, hapa Chennai. Alianza akiwa karani wa kupiga chapa, anamaliza akiwa msimamizi wa mafaili yote ya dawa. Mimi nafagia ghorofa ya pili na kupeleka kahawa. Wakubwa wameniomba niandike kwa sababu nilikuwa naingia kwake kila siku.

Hakupoteza faili hata moja. Kila mwenzetu alipokwenda likizo ya uzazi, kazi yake aliibeba yeye. Mchana alikula wali wake wa mtindi peke yake, akitazama rafu. Dereva Murugesan alizoea kumtania, “Dada Thilaga, ipo siku hayo mafaili yatakuita mama.” Alicheka kidogo, akaendelea kugonga mihuri. Sote tulidhani anapenda tu ukimya.

Mwaka 2016 lilisikilizwa hapa ofisini shauri la matibabu ya wanawake ambao mimba zao hutoka mara kwa mara. Sheria yetu hairuhusu mtu kumiliki njia ya kutibu, kwa hiyo kampuni moja iliandika ratiba ya sindano na aspirini kana kwamba ni boksi la dawa, ikaliombea hataza. Ingepewa, hospitali za serikali zisingeweza tena kutoa matibabu hayo bure. Daktari mmoja mzee alipinga, akisema ni ya zamani, na kitu cha zamani hakipewi hataza, lakini mafuriko yalikuwa yamechukua madaftari yake.

Bibi Thilagavathi aliomba aondolewe kwenye faili hilo. Siku ya shauri akaingia kama shahidi, mkononi ana kadi yake mwenyewe ya kliniki ya mwaka 1991: ratiba ile ile, dozi zile zile. Mimi nilikuwa nagawa kahawa.

“Mama, wewe ulipata mtoto?” wakili wa kampuni akamuuliza.

“Sikupata. Mimba nne, zote zilitoka.”

“Basi hayakuwa matibabu haya.”

“Yalikuwa haya haya, bwana. Kwangu hayakufaa. Lakini tarehe ndiyo hiyo hapo, isome mwenyewe.”

Hataza ikakataliwa. Yeye akarudi kwenye mihuri yake. Murugesan akaacha utani.

Mwaka ule mimi nilikuwa nimeshapoteza mimba tatu. Sindano nilizipata bure, na binti yangu Yazhini sasa ana miaka miwili. Nilipokwenda kumshukuru, Bibi aliomba tu kuiona kadi yangu, akasoma tarehe moja moja, kisha akanisogezea kiti nile naye.

Bibi Thilagavathi, asante kwa kazi, na kwa kulisema mbele ya watu jambo ulilolibeba peke yako miaka ishirini na mitano. Najua kule nyumbani hakuna anayekungoja. Tunakuombea afya, usingizi mzuri na siku nyepesi. Jumapili saa nne mimi na Yazhini tutabisha hodi. Usipike, tutapika huko huko.

Kalaiselvi, ghorofa ya pili