Bwana Haldorsen na Kona ya Tilden

Sijamwambia mtu hili: tangu nianze kazi katika chumba cha wachoraji ramani, nimekuwa nikimshuku Bw. Nels Haldorsen, anayestaafu Ijumaa hii, tarehe 30 Julai 1926, baada ya miaka kumi na saba ya kutupimia barabara za Iowa.

Alianza kabla barabara hazijapewa namba. Aliendesha gari, akaandika njia, nasi tukachora. Mwaka mmoja aliandika “pinda kushoto penye ghala jekundu.” Mwenye ghala akalipaka rangi nyeupe, na magari ya Jumapili nzima yakaishia kwenye harusi ya watu. Wageni wote walilishwa.

Lakini Tilden ilinitia wasiwasi. Barabara ya magharibi imenyooka, ila kwenye ramani yake inazunguka kupitia mji huo wenye mkahawa mmoja, unaosifika kwa pai. Meneja, Bw. Pruitt, alimwambia mbele yetu, “Nels, hiyo kona inanukia pai.”

“Ya tufaha,” akajibu, huku akichonga penseli.

Hakujitetea, nami nikazidi kumshuku. Kisha nikapewa toleo jipya la ramani nilichore, kona iondolewe.

Jumapili nilimwomba kaka yangu Clyde tupite njia iliyonyooka. Ilikuwa kiangazi, vumbi tupu, ila bondeni tulikuta tope lililomeza magurudumu. Kando aliketi mkulima na farasi wawili waliokwisha kufungwa minyororo, ndoo za maji miguuni pake.

“Kuvutwa ni dola tatu,” alisema.

“Mvua imenyesha lini hapa?” Clyde akauliza.

“Hapa hunyesha kila asubuhi, kijana. Yule mzee wa ramani asingewapitisha watu Tilden, ningekuwa na farasi wa tatu.”

Jumatatu nilimuuliza Bw. Haldorsen kwa nini amenyamaza kuhusu mkulima yule.

“Nikimtaja, binti, atahamishia ndoo zake Tilden. Mwache asubiri.”

“Na pai?”

“Pai naila kweli.”

Kama anailipia, hakusema.

Bw. Haldorsen, asante kwa kila dereva aliyefika na viatu vikavu. Pumzika vyema, na safari zako ziwe za kupenda tu.

Nanyi wenzangu wachoraji, mnaopitishiwa karatasi hii ninyi na yeye tu: toleo jipya lilikwenda kuchapwa jana, na kona ya Tilden imo. Bw. Pruitt hajui, na akijua kabla halijatoka, atainyoosha na mimi nitafukuzwa. Nawaomba, msimwambie.