Kigoda Kilivunjika Lini?

Benchi la fundi viatu lina miguu minne, na mmoja kati ya hiyo ni tofali. Limeegemea ukuta wa kibanda chake, hatua tatu kutoka kwa kinyozi, na kila siku saa nne asubuhi, Mama Birika akishatua jiko lake la mkaa na kahawa yake, wenye benchi hujaa. Fundi mwenyewe wanamwita Soli. Kinyozi ni Mkasi, mtu wa kukata nywele polepole na maneno haraka. Na yule mzee aliyenyooka kama rula ni Mwalimu Nukta, ambaye amestaafu kufundisha lakini hajastaafu kusahihisha watu. Jumamosi hiyo ilikuwa siku ya sita wakigombana juu ya riwaya moja iitwayo *Maziwa ya Jioni*, na kwa watu wale, siku ya sita ndiyo kwanza utamu unakolea.

Kitabu chenyewe kilikuwa cha Mkasi. Paa la kinyozi lilivuja, kikalowa, kikaachana mafungumafungu. Soli ndiye aliyekiokoa. Alikianika kwenye kamba ya nguo, akakishona kwa uzi wa viatu, akakivika jalada la ngozi, na kwa kuwa kingo za karatasi zilikuwa zimevimba, akazipunguza kwa kisu cha kukatia soli mpaka kitabu kikakaa sawasawa. Vipande alivyokata hakuvitupa, maana fundi yule hatupi kitu. Kila mtu alimsifu kwa kazi safi. Kisha wakakisoma kwa zamu, na amani ikaishia hapo.

Hadithi haina makuu. Ni mama mmoja wa shamba, ng'ombe wake, na wanawe wawili wa kiume. Kila sura inaanza na kichwa cha ng'ombe kilichochorwa, bila namba wala jina. Katikati ya kitabu mdogo mtu anarudi nyumbani baada ya miaka mingi, kaka mtu anampokea mlangoni, wanakula sahani moja, mama analia. Mwishoni ndugu wanagombana, mdogo anashika njia, na sentensi ya mwisho inasema hakugeuka nyuma.

Sentensi hiyo Soli aliijua kwa moyo. Kwenye simu yake kulikuwa na ujumbe uliofika siku tatu zilizopita: "Jumapili nafungua nyumba ya mama. Njoo tufungue wote." Ulitoka kwa kaka yake, ambaye hakuwa amesemezana naye kwa miaka minne. Siku ya kumzika mama yao, Soli aliingia uani jeneza limeshatolewa, na kaka yake akasema mbele ya watu wote: "Umechelewa, kama kawaida yako." Soli naye akajibu kwamba kuanzia siku ile hana kaka. Nyumba ikafungwa, ufunguo ukabaki kwa mkubwa. Sasa Jumapili ilikuwa kesho, basi la kwanza saa kumi na mbili asubuhi, na Soli hajajibu. Ajibu nini, na yeye amesoma kwa macho yake kwamba ndugu hata wakipatana wataishia kuachana tu? Alikaa na misumari midogo katikati ya midomo, kama afanyavyo akipigilia soli, ila kwa siku hizo tatu aliiweka hata pale asipokuwa na kiatu mkononi.

— Mimi mwandishi nimempa alama arobaini, alisema Mwalimu Nukta akipuliza kahawa. Analiza watu kwa nguvu. Kila ukurasa chozi. Hata ng'ombe analia!

— Ng'ombe analia kweli, alisema Mama Birika. Kwani wewe umewahi kufuga?

— Nimefuga darasa la watoto sitini.

— Basi hao ndio waliokukausha machozi. Mimi binti yangu alinisomea pale mama anapolia, nikaunguza mkaa mtupu, birika halipo jikoni! Kitabu kizuri kile. Mwisho wake tu ndio sikuupenda.

— Mwisho si tatizo, alidakia Mkasi, akitoka dukani na kitana sikioni. Tatizo ni nywele. Mdogo mtu anaporudi nyumbani ana mvi, zimeandikwa. Anapogombana mwishoni, kichwa cheusi ti! Mvi zimekwenda wapi?

— Hilo ni kosa. Ndiyo maana nikampa arobaini.

— Si kosa, Mwalimu. Alipaka rangi. Na mimi nawaambieni, ugomvi wote ulianzia kwenye ile rangi. Kaka mtu kaona mdogo wake anajifanya kijana wa jana, roho ikamuuma.

— Kwenye kitabu hakuna rangi!

— Haijaandikwa, inaeleweka. Mtu wa kazi yangu anaelewa.

Mwalimu alitua kikombe taratibu. Alipotua kikombe hivyo, benchi zima lilijua kuna somo linakuja.

— Achaneni na nywele. Mtazameni mama. Katikati anatembelea fimbo, macho hayaoni, anamtambua mwanawe kwa kumpapasa uso. Mwishoni mama huyohuyo anamkimbiza ndama mpaka ng'ambo ya mto! Nimelipima jambo hili kwa utulivu, nimepata jibu. Mama wako wawili.

— Wawili?

— Pacha. Mwandishi ametuficha pacha.

— Pacha wa nini tena! Mama Birika aligonga birika kwa kijiko. Mimi magoti yananiuma mwaka mzima, lakini siku mwanangu akija kunitembelea, hayaumi. Yule mama alipona kwa furaha. Akapona, akapata nguvu, akakimbiza ndama, nguvu zikamzidi, akawafokea watoto, watoto wakagombana. Mbona ni wazi kabisa?

— Na namba za kurasa, mbona hazipo? Na ile nusu ukurasa tupu, baada ya mama kulia? aliuliza Mkasi.

— Mtindo mpya wa vitabu, alisema Mwalimu bila kusita. Namba hazitiwi, ili msomaji asihesabu zimebaki ngapi. Na ile nusu ukurasa ni ya kupumzikia.

— Mimi nimeshaelewa! Mkasi aliruka. Anayesimulia ni ng'ombe! Ndiyo maana kichwa chake kiko kila sura. Na ng'ombe, kumbukumbu zake si nzuri, anachanganya mambo!

Hapo hata Mwalimu alicheka, kahawa ikampalia. Soli peke yake hakucheka. Wakamgeukia.

— Toa misumari, fundi, useme na wewe.

Soli akaitema kiganjani, mmoja mmoja.

— Mimi naona kitabu kinasema kweli. Watu wawili wakishavunjiana heshima, imetoka hiyo. Walipokeana mlangoni, wakala pamoja, wakacheka. Ikawaje? Mwishoni kaka mtu anakikamata kigoda cha mama, anakibamiza ukutani, mguu kwisha. Mdogo anaondoka. Hakugeuka nyuma.

Wote walikijua kisa chake, na wote walijua kesho ni siku gani.

— Umemjibu kaka yako? Mama Birika aliuliza kwa sauti ya chini.

— Nimeshajibiwa mimi, mama. Na kitabu.

— Mwanangu, wewe utasikiliza kitabu cha ng'ombe?

— Nisafiri kutwa nzima, tukumbatiane, halafu jioni yake aniambie tena yale maneno? Bora nibaki na viatu vyangu.

Ilimtoka kwa ukali kuliko alivyotaka. Aliona aibu, akainamia kiatu alichokuwa nacho magotini, kiatu cheupe cha kike, soli imebanduka nusu. Mwenye kiatu hicho alikuwa muuguzi kijana aliyeketi mwisho wa benchi, upande wa tofali, mguu mmoja kwenye kiatu na mwingine juu ya kipande cha boksi. Ilikuwa mara yake ya kwanza kufika hapo. Soli alikuwa amempa kitabu apotezee muda, na kitabu kilijifungukia chenyewe katikati, pale uzi ulipolegea.

— Samahani, wazazi wangu, alisema muuguzi. Naomba kuuliza. Kigoda kilivunjika lini?

— Mwishoni, alijibu Mwalimu. Hujafika huko.

— Sijafika. Lakini hapa katikati, mdogo amerudi, wanakula. Imeandikwa hivi: "Mama alikalia kigoda kilekile, mguu wake umefungwa kamba tangu siku ile." Sasa kama kinavunjika mwishoni, kimefungwa kamba ya nini?

Mwalimu alinyoosha mkono, akapewa kitabu, akaisoma sentensi mara mbili kwa kidole.

— Labda ni kamba ya urembo, alisema, lakini alisema kama mtu anayejua kuwa amefeli.

— Na yule pacha, aliuliza Mama Birika, alikuwa na kigoda chake?

Soli hakuwasikia. Alikuwa anayatazama mafungu ya karatasi chini ya uzi wake mwenyewe, uzi wa viatu, mishono aliyoivuta kwa nguvu zake mwenyewe. Alikumbuka kamba ya nguo. Alikumbuka upepo ulivyopiga ile siku, mafungu mawili yakaanguka kwenye mchanga, na yeye akayaokota, akayapangusa, akayaweka juu ya mengine bila kusoma hata neno.

— Sikukishona vizuri, alisema.

— Nini?

— Kitabu! Nimekishona vibaya! Ugomvi ndio wa katikati. Kurudi ndiko mwisho.

Kwanza wakamtazama. Kisha wote wakasema kwa pamoja.

— Ndiyo maana ana mvi! alipiga kelele Mkasi. Amezeeka huko alikokwenda!

— Na mama haoni kwa sababu amezeeka akimsubiri, alisema Mama Birika, na machozi yakamtoka hapohapo, mbele ya wateja. Masikini! Alikuwa anamsubiri!

— Na ile nusu ukurasa tupu ni kwa sababu hadithi imekwisha, alisema Mwalimu Nukta polepole. Alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati. Nazifuta arobaini zangu. Mpeni themanini na tano.

— Na pacha je?

— Pacha amefariki.

— Lakini namba za kurasa, Mkasi hakuridhika. Kama zingekuwepo tusingehangaika hivi. Zilikwenda wapi?

Soli akamtazama usoni, kisha akashusha macho hadi kwenye viatu vyake. Mkasi naye akashusha macho.

— Kisigino chako cha kulia kiliposhuka wiki ile, Soli alisema, nilikijaza vile vipande vya karatasi. Unazikanyaga.

Benchi lilicheka mpaka tofali likatikisika. Soli alichukua kisu kilekile kilichokata namba, akakata uzi, akalitoa fungu la mwisho, akalirudisha katikati. Fungu la kurudi nyumbani akaliweka mwisho, mahali pake. Alisoma mistari ya mwisho iliyokuwa ya mwisho kweli: kaka mtu amesimama mlangoni, na hamuulizi mdogo wake alikuwa wapi. Anasema tu, ingia, chakula kinapoa.

Mama Birika aliinamisha birika juu ya kikombe chake. Yalitoka matone mawili na machicha.

— Kahawa imekwisha, fundi. Huna tena cha kujifichia. Piga simu.

— Nitatuma ujumbe.

— Piga!

Alipiga. Simu iliita mara nyingi, akatamani isipokelewe. Kisha ikapokelewa. Kulikuwa na neno moja tu la kuanzia, na ndilo lile aliloapa mbele ya waombolezaji kwamba hana wa kumwita.

— Kaka, alisema.

Upande wa pili mtu alivuta pumzi, akaishikilia.

— Mdogo wangu. Basi la saa ngapi?

— La kwanza.

— Usichelewe.

Lilikuwa neno lilelile lililomchoma miaka minne, na safari hii lilimwingia mpaka ndani, likatulia. Soli alicheka, kisha alilia, na hakuona sababu ya kuvificha vyote viwili.

— Sitachelewa, kaka.

Akafuta uso kwa mkono wenye gundi. Benchi zima lilikuwa limejifanya linatazama barabarani. Muuguzi alikohoa kidogo.

— Fundi, kiatu changu nikifuate kesho?

— Subiri nimalize leo, binti, Soli alimwambia, akiokota misumari yake. Kesho sifungui hapa. Nafungua nyumba ya mama.