Mawe ya Njia ya Bandarini Yaliyo Katika Msingi wa Darasa Letu

Risala ya akina mama wa Darasa la Ngumbaru, Magwagwa, kwa Bwana Thadeus Ratemo, Ofisa wa Elimu ya Watu Wazima, siku ya kuweka jiwe la msingi, Alhamisi, tarehe 14 Machi 1974

Mgeni rasmi, Bwana Ratemo. Chifu wetu, Mzee Machogu. Mwalimu wetu, Bwana Nyasani. Wazazi wenzetu na majirani:

MAKARIBISHO

Gari lako limekwama kwenye tope, nawe umeupanda mlima wetu kwa miguu. Viatu vyako vinashuhudia. Sisi akina mama thelathini na mmoja tunakupokea kwa mikono miwili. Ungalitujia miaka mitatu iliyopita, tungalikuimbia tu. Leo tunakusomea.

HISTORIA YETU

Darasa lilianza mwaka 1971 kwenye ukumbi wa kanisa, na mpaka leo tunahama kila kwaya inapofanya mazoezi. Januari mwaka huu Mwalimu Nyasani alitupa kazi ya kuandika: "Mahali pa mbali kuliko pote ambapo mama yako alifika." Wengi tuliandika neno moja, Kendu, ile bandari ya zamani kando ya ziwa, ambako mama zetu walipokuwa wasichana walipeleka wimbi na mahindi vichwani, mwendo wa siku mbili, ili meli iyachukue hadi Kisumu. Neno la pili lilitushinda, kwa kuwa hatukuwa tumefika huko.

Kwa hiyo mwezi wa Februari tulipanda lori la ndizi pamoja na Mwalimu tukaenda kuijua. Kiongozi wetu alikuwa Nyanya Bitutu, mwanafunzi mkongwe kuliko sote, ambaye aliibebea bandari hiyo mizigo katika usichana wake. Alituonyesha gati, ghala ambalo mlango wake umeliwa na kutu, na baraza ya duka walikolala wabebaji wakingoja zamu ya mizani.

Mama mmoja muuza samaki alimtazama sana, akauliza, "Nyinyi si wale wa huko juu, wa kata za mgomba?"

Akatuingiza nyumbani kwake. Mtungi wake wa maji ulikuwa umekalia ile pete ya kutuliza mzigo kichwani, kata ya maganda ya mgomba, iliyosukwa kama tunavyosuka kwetu. Alisema mama yake aliokota kata ambazo wabebaji waliziacha ghalani, na zilipochakaa akajifunza kuzisuka. "Hapa kwetu," alisema, "mtungi haujui kukaa juu ya kitu kingine." Nyanya Bitutu aliigeuzageuza ile kata akasema imelegea kidogo. Mwenyeji akamjibu, "Basi keti uikaze, mlikawia wapi miaka yote hii?" Akaikaza.

MAFANIKIO

Wenzetu ishirini na sita sasa wanasoma barua bila kusaidiwa. Mama Abigael, ambaye zamani alitia kidole gumba kwenye karatasi za malipo ya chai, siku hizi huandika majina yake yote matatu, na karatasi ikiwa ndogo hukasirika.

Fanikio tulilojivunia zaidi lilikuwa msingi huu unaouona. Tuliujenga Januari kwa mawe arobaini na mawili, tuliyoyabeba vichwani kutoka kwenye rundo lililokuwa ukingoni mwa mlima, pale ziwa linapoonekana kwa mara ya kwanza.

TATIZO LETU

Matatizo tunayo mengi, lakini leo tunataja moja, kwa sababu tulilitengeneza wenyewe.

Wakati tunajenga, Nyanya Bitutu alikuwa mgonjwa, akiuguzwa na binti yake huko Ikonge. Tulipokuwa tukirudi kutoka bandarini alilisimamisha lori pale ukingoni, akateremka, akatafuta rundo, asilione. Ndipo alipotueleza. Kila msichana, katika safari yake ya kwanza, aliokota jiwe mtoni na kuliweka pale. Aliyerudi aliligusa jiwe lake. Asiyerudi, mama yake alikuja kuligusa.

Mama Abigael akasema, "Nyanya, yapo. Tumeyajengea."

Nyanya Bitutu alimgeukia Mwalimu. "Hawa uliwafundisha herufi ngapi?"

"Zote, mama."

"Basi zimebaki za mawe."

Alicheka, nasi tukathubutu kucheka. Lakini tulipofika hapa aliuzunguka msingi polepole, akainama kwenye pembe hii ya kulia, akaweka kiganja juu ya jiwe jeupe lenye mshipa mwekundu. Ni la dada yake, aliyeshikwa na homa Kendu na kuzikwa huko. Mama yao aliligusa jiwe hilo kila Desemba mpaka alipofariki.

MAOMBI

Mgeni rasmi, pembe hiyo ndiyo iliyotayarishwa kwa bamba lenye jina lako. Mafundi wa mawe wa kule Tabaka wamelichonga vizuri, nasi tumelisoma wenyewe, halina kosa. Tunakuomba usiliweke leo. Tunaomba idhini ya kuufumua msingi na kuyarudisha mawe yote ukingoni, na utuombee kwa wakubwa wa barabara mawe yaliyobaki kando ya njia ya Ikonge, ili ujenzi usichelewe.

Tunasema usichelewe kwa sababu hii: tulipopiga kura, thelathini walikubali na mmoja akakataa. Aliyekataa ni Nyanya Bitutu. Alisema, "Niacheni nisome juu ya dada yangu. Paa nimelingoja vya kutosha." Hatukumtii, na hilo pia tunaliungama mbele yako. Tunataka mawe yarudi, naye aingie darasani akiwa hai.

Tungependa jiwe jeupe litangulie, leo hii, kabla ya chakula. Nyanya Bitutu bado hajakubali. Lakini tangu asubuhi amesuka kata mbili. Moja amesema ni yake. Ya pili hakutuambia ni ya kichwa cha nani, ila wakati wa sala tulimwona akikipima chako kwa macho.

Mungu aliyewapa mama zetu shingo za kufika ziwani na kurudi akupe afya, wewe na nyumba yako.

Imesomwa na Eucabeth Nyangate, Katibu, kwa niaba ya

Akina Mama wa Darasa la Ngumbaru, Magwagwa