Nukta Moja Ukutani

Kwaru, kwaru, kwaru. Mchanga juu ya bati. Mpaka leo nausikia mlio huo, ndugu zangu, maana ndivyo nilivyoiharibu darubini yangu huku nikiimba.

Mnanijua. Nauza samaki Ggaba na mama, na shule niliachia Senior Four, kidato cha nne tu. Lakini mbingu naipenda! Kikundi cha kutazama nyota kule Kyambogo kikanipa kazi: nitengeneze mfano wa darubini ya eksirei, ile inayonasa eksirei zitokazo kwenye nyota, niwaonyeshe watoto. Nikishindwa, apewe mwingine.

Nawaambia, eksirei ni kaidi. Ukiikingia kioo usoni, inazama humo humo. Lazima iteleze kwa ubapa, kama kijiwe unachokirusha ziwani kikaruka-ruka juu ya maji. Kwa hiyo vioo vyake ni kama makopo yasiyo na kitako wala kifuniko, moja ndani ya lingine. Ya kwangu nikayakunja kwa bati, na badala ya eksirei nikatumia tochi.

Nikayasugua kwa mchanga na majivu, kama sufuria za mama wageni wakija. Yaling'aa, jamani! Siku ya majaribio, mbele ya kikundi, nikawasha tochi. Ukutani, badala ya nukta moja kali, ukatokea ukungu, na ndani yake nukta mbili.

"Nyota yako imezaa mapacha!" kijana mmoja akasema.

Nikacheka nao, kisha nikaenda kulia chooni. Wiki nzima sikutazama juu.

Dada mmoja wa kikundi, binti wa askari, akanifuata nyumbani. Akapitisha ukucha kwenye bati. "Unasikia? Mikwaruzo. Kila mmoja unatupa mwanga kwake. Ndio ukungu huo."

"Na mapacha?"

"Kopo la ndani limekaa upande. Kila kopo linapiga nukta yake."

"Kwa hiyo mimi si mjinga?"

"Wewe ni fundi sufuria, nnyabo, dada yangu!"

Tukakunja bati jipya, tukalipangusa kwa kitambaa laini tu. Kopo la ndani tukalisogeza unene wa ukucha, tukatazama, tukalisogeza tena. Zile nukta zikasogeleana polepole, kama watu wanaooneana haya, zikawa moja. Mama akapiga vigelegele, kisu cha samaki mkononi.

Watoto niliwaonyesha mimi. Asante mama. Asante dada yangu uliyenifuata. Nanyi mnaojiona hamfai, ulizeni kwanza: nimekwaruzwa, au nimekaa upande tu?

Jioni ile, watoto walipokwenda, nilitoka uani peke yangu, nikayaelekeza makopo yangu kwenye nyota ya kwanza. Najua hewa inazuia eksirei isitufikie huku chini. Nikayashikilia hivyo hivyo, mpaka mikono ikachoka.