Mama Venance wa Pombe Nyeusi: Marita Haonga wa Mpemba, 1956–2015

Ninyi mliofika leo kutoka Isansa, Nanyala, Vwawa na ng'ambo ya mpaka, familia inawashukuru, na inawaomba mkae vizuri, kwa sababu maisha ya Marita Haonga hayasomeki harakaharaka. Yeye mwenyewe hakupenda kumwona mtu anakunywa amesimama.

Marehemu Marita alizaliwa tarehe 12 Juni 1956 huko Isansa, Mbozi, akiwa mtoto wa tatu wa mzee Timotheo Haonga, mkulima wa kahawa, na Bi Tusayiwe Nzunda. Mzee Timotheo aliipeleka kahawa yake nzuri ushirika, na ile iliyovunjikavunjika ikabaki nyumbani. Kazi ya kuikaanga alipewa Marita tangu akiwa binti mdogo. Aliketi mbele ya chungu kipana, akigeuza buni kwa mwiko, na alijua kwa harufu tu lini imeiva na lini inakaribia kuungua. Kaka zake walijaribu kazi hiyo, wakaunguza, wakarudishwa shambani. Pua ile ndiyo iliyokuja kuwalisha yeye na watoto wake, ingawa wakati huo aliona anafungiwa jikoni wenzake wakicheza.

Alianza darasa la kwanza mwaka 1965 hapo hapo Isansa, akamaliza la saba mwaka 1971. Shuleni alisifika kwa mambo mawili: kuimba na kubisha. Mwalimu akisema jambo, Marita alinyoosha kidole na kuuliza, "Nani aliyeliona?" Wapo walimu waliompenda kwa hilo, na wapo waliomtuma kuchota maji. Hakuchaguliwa kwenda sekondari. Alilia sana, kisha akafuta machozi na kuchukua jembe kama wenzake.

Jumamosi tarehe 8 Oktoba 1977 alifunga ndoa na marehemu Wilbard Mwampashi, fundi wa magari mzaliwa wa Nanyala. Baba Venance, enzi za uhai wake, alipenda kusimulia kwamba alikwenda Isansa kutengeneza lori la kahawa, akakaribishwa kikombe kimoja jikoni kwa kina Haonga, ikabidi aliharibu tena lori lile ili apate sababu ya kulala siku ya pili. Mama alikuwa akikanusha habari hiyo, lakini akiikanusha huku anacheka. Walijaliwa watoto watatu: Venance, Tusayiwe na Timotheo.

Mwaka 1986, biashara ilipofunguka na malori yakaanza kupanga foleni hadi huku kwetu, Wilbard na Marita walihamia Mpemba. Baba akafungua gereji pembeni ya barabara kuu. Mama akaanza kupika kimpumu, pombe ya ulezi aliyofundishwa na mama yake mzazi. Ilikuwa pombe nzuri, nyekundu kidogo, kama ya wapishi wengine wote, na pengine ingebaki hivyo kama si dereva mmoja wa Zambia aliyeleta gari lake gerejini mwaka 1988. Akiwa anasubiri, dereva yule alimpa mama aonje bia nyeusi ya chupa, ile wanayoiita stauti.

"Onja, mayo," alimwambia, akimwita mama kwa Kibemba chao. "Kwetu anapewa mtu aliyeishiwa damu. Inaongeza damu palepale."

Marita alionja, akaizungusha mdomoni, akanusa mdomo wa chupa. "Hii wamekaanga nafaka," alisema. "Nani kakwambia ni dawa?"

"Rangi yenyewe, mayo. Huioni?"

"Hata chungu changu ni cheusi, na hakijamwongezea mtu damu."

Dereva aliondoka na gari lake. Mama akabaki na harufu ile puani, harufu ya jikoni kwa baba yake. Akasema na yeye atapika nyeusi.

Wanaopika wanajua kwamba ulezi uliolowekwa, ukachipua, ukaanikwa na kusagwa ndio kimea, na kimea ndicho kinachoubadilisha uji kuwa pombe. Marita, kwa hamu yake, alikikaanga kimea chote hadi kikawa cheusi. Msimu huo alikuwa amewaita majirani wamsaidie kupalilia mahindi, na jioni wanywe, kama ilivyo desturi. Watu wakatoka shambani na majembe begani, wakaketi. Desturi pia inamtaka mwenye pombe aonje kwanza mbele ya wageni, wajue haina kitu kibaya. Mama akaonja, na ulimi ukamwambia papo hapo kwamba mambo yameharibika. Kimea kikikaangwa kinakufa. Kilichokuwa mtunguni kilikuwa uji mchungu. Aibu ikamfunga mdomo.

Wageni walipoiona rangi ile walishusha sauti. Wanaume walipokezana kata kwa heshima, wakijua leo watabebwa. Ndugu yetu Osea, mpakiaji mizigo wa pale mpakani ambaye sauti yake ni kubwa kuliko mwili wake, alikunywa, akafumba macho, akaanza kuyumba. Akaimba. Akamkumbatia mtu aliyekuwa amegombana naye tangu mwaka uliopita. Akatangaza kwamba tangu azaliwe hajakutana na pombe kali kama hii.

Marita akashindwa kuvumilia. "Osea, baba, kaa chini. Umelewa uji."

Osea yupo hapa leo, na ameruhusu habari hii isomwe. Kuanzia siku hiyo hakuna aliyeweza kumwambia mama kwamba pombe nyeusi ni kali kwa sababu ni nyeusi. Alipopika tena, alikaanga konzi chache tu za kimea, zilizobaki akaziacha kama zilivyo, na ikatoka ile mnayoijua, yenye harufu ya kahawa na uchungu mdogo unaokuja mwishoni. Akawa akiwaambia wateja kwamba kila konzi anayoikaanga kwa ajili ya rangi ni konzi aliyoiondoa kwenye ukali. Walikuja watu kutoka Vwawa na Nakonde kuitafuta. Mpemba nzima ilijivunia, na familia ilijivunia zaidi.

Maneno hayakukosekana. Walisema anatia unga wa betri. Walisema mwanamke akiinywa ataota ndevu, na mjamzito akiinywa mtoto atatoka mweusi tii. Hayo mama aliyacheka. Neno moja tu ndilo lililomkera miaka yote, lile la dereva, kwamba nyeusi inaongeza damu. Watu walikuja na madumu kuwachukulia wagonjwa wao, na yeye akawarudisha. "Ulezi ni chakula, na pombe yangu ni ya kufurahi," aliwaambia. "Ya damu sijui." Wengi hawakumwamini. Walidhani anaificha dawa yake.

Mwaka 1999 Mungu alimchukua Baba Venance. Mama alibaki na kilabu chake na watoto wake, akawasomesha, akamwozesha Venance kwa Goodness, binti wa Nanyala. Kanisani alikaa benchi la nyuma, kwa kuwa kazi yake haikupendwa pale. Hakununa. Kwaya ikipungukiwa sauti ya pili, wote mnajua iliitwa kutoka benchi gani.

Sasa tufike mwezi Machi 2003, maana bila siku hiyo wasifu huu haujakamilika. Goodness alikuwa mjamzito, anakaribia kujifungua. Viganja vyake vilikuwa vyeupe, na kutoka chumbani hadi uani alikuwa anahema. Zahanati walisema aende Vwawa haraka, damu imepungua. Venance alikuwa safarini na lori njia ya Dar es Salaam. Mama alishatuma mtu kutafuta pikapu, pale shangazi yake Goodness alipoingia uani na majirani, na Osea nyuma yao amebeba kata iliyojaa kutoka kwenye mtungi wa mama mwenyewe.

"Mama Venance," alisema shangazi, "dawa unayo ndani, halafu unataka kumpeleka mtoto wetu akachomwe masindano barabarani kwenye matope? Mpe anywe, apumzike, kesho tutaona."

Goodness alikuwa amelala kwenye mkeka. "Mama, nimechoka," alisema. "Kama itasaidia, nipeni."

Osea akamkabidhi mama kata. Wote wakamtazama, wakisubiri aonje, maana pombe ambayo mwenyewe hajaionja hainyweki, na hakuna mtu wa huku atakayempa mgonjwa wake. Marita akaishika kwa mikono miwili. Akainama, akaiweka chini.

"Siionji," alisema.

Kwetu, mpishi anayekataa kuonja pombe yake amejitangaza mwenyewe kuwa ameweka kitu. Mama alilijua hilo kuliko mtu yeyote aliyesimama pale.

"Unasemaje?" aliuliza shangazi. "Ina kitu ndani?"

"Semeni mnavyotaka kusema. Siionji, na hatakunywa. Mwinueni."

Hakuna aliyethubutu kuigusa ile kata. Pikapu ilipofika walimwinua Goodness, na mama akapanda nyuma pamoja naye, akamshika kichwa hadi Vwawa. Wauguzi walimpokea na kumtundikia damu. Kabla ya giza kuingia alijifungua mtoto wa kiume. Daktari alimwambia mama kwamba kama wangengoja asubuhi, wangewapoteza wote wawili. Mama alitoka nje, akaketi kwenye nyasi, akalia kwa sauti.

Lakini habari ilikuwa imeshafika mpakani: Mama Venance amekataa kuonja pombe yake. Kilabu kikakauka. Mtungi mzima ulichacha, akaumwagia migomba. Wanawake waliokuwa wakimsalimia kwa jina walipita wakitazama mbele. Venance aliporudi safari akakuta mabenchi matupu, alimuuliza kwa uchungu, "Mama, si ungeonja tu kidogo, halafu mkaenda hospitali?"

"Ningeonja, angekunywa," alimjibu. "Angekunywa, wangesema tungoje kwanza ifanye kazi. Mimi nilikuwa sina cha kungoja."

Msimu mzima ulipita hivyo. Mama aliendelea kupika kidogo kidogo, akiketi mlangoni mwa kilabu chake na kitenge kisafi, kama mtu anayetarajia wageni. Goodness alipopata nguvu alizunguka Mpemba nyumba kwa nyumba, mtoto mgongoni, akieleza kilichotokea. Shangazi yake akaja kutoka Nanyala kuomba radhi, na mama akamchinjia kuku. Wa kwanza kurudi kwenye benchi alikuwa Osea. Alivua kofia, akasema, "Mama Venance, onja tunywe." Mama akaonja, akampa. Kufikia mavuno, mabenchi hayakutosha. Kuanzia hapo aliyekuja na dumu la mgonjwa hakubishiwa. Mama alimwonyesha tu barabara ya kwenda Vwawa, na wengi walikwenda.

Katikati ya mwaka 2014 mama alianza kuumwa tumbo. Alitibiwa Vwawa, kisha hospitali ya rufaa Mbeya, ambako aligundulika kuwa na uvimbe uliokuwa ukivuja damu ndani. Madaktari walijitahidi sana, na familia inawashukuru. Mwezi Machi mwaka huu aliletwa tena Vwawa, na ikahitajika damu nyingi. Muuguzi alieleza kwamba aliyekunywa siku hiyo hapokelewi kuchangia. Osea akasimama mlangoni mwa kilabu tangu alfajiri akirudisha watu, na siku hiyo Mpemba ilikaa kavu hadi jioni, jambo ambalo hakuna mzee anayekumbuka kuliona. Walijaa kwenye basi dogo wakaenda kupanga foleni, wapakiaji, mafundi, akina mama wauza ndizi. Mama aliwaona kupitia dirishani akacheka hadi akashika tumbo kwa maumivu. "Miaka yote wanaitafuta damu kwenye pombe yangu," alisema, "kumbe wanayo wenyewe." Damu yao ilimpa Pasaka moja zaidi na watoto wake wote nyumbani, na aliimba.

Marita Haonga alifariki dunia Ijumaa tarehe 17 Aprili 2015, mchana, katika hospitali ya Vwawa, Wilaya ya Mbozi, Mkoa wa Mbeya, binti yake Tusayiwe akiwa amemshika mkono. Anazikwa leo Jumapili tarehe 19 Aprili hapa Mpemba, pembeni ya mumewe.

Ameacha watoto watatu, Venance, Tusayiwe na Timotheo. Wadogo zake wawili wa Isansa. Na wajukuu, ambao tukiwahesabu watabishana nani kaachwa. Ameacha mkwe wake Goodness, aliyepika pombe ya matanga haya. Na ameacha mjukuu wake wa kwanza, Lusubilo, aliyezaliwa Vwawa jioni ile ya Machi. Ndiye huyo mnayemwona hapo mbele, ameshika msalaba wa bibi yake.

Mungu amkaribishe mama yetu kwake, akae, apumzike.