Historia ya Mkutubi Wetu na Kitabu Kilichobaki Bila Mhuri

Wafiwa wenzangu, mimi ni mdogo wake marehemu, fundi makufuli, nimepewa kazi hii kwa sababu shemeji sauti imemkauka kwa kulia, nami mnivumilie, maana yamo mambo humu ambayo hadi nasimama hapa siyaelewi kichwa wala miguu.

Dada yetu alizaliwa Machi 1968, tarehe tisa kwa mujibu wa kadi ya kliniki, tarehe kumi na moja kwa mujibu wa mama aliyemzaa, na yeye mwenyewe hakuamua ugomvi huo, alikula keki za siku zote mbili.

Alisoma shule ya msingi ya mtaani kwetu kuanzia 1975 hadi 1981, akamaliza sekondari 1985, akasomea ukutubi, na tarehe 11 Januari 1988 akaajiriwa katika shule ile ile aliyoanzia, chumba cha mwisho karibu na bomba la maji, hakutoka humo tena. Alifunga ndoa tarehe 19 Desemba 1992 na shemeji yetu, fundi cherehani, wakajaliwa mabinti wawili, waliojua kusoma kabla ya kujua kufunga kamba za viatu.

Figo zilianza kumsumbua Juni 2023, na mwezi wa nne mwaka huu wa 2024 akalazwa, akiwa na kitabu alichopewa na mwalimu mkuu akipime, hadithi ndefu ya watoto, mtoto anamtafuta mbuzi wa bibi yake, lakini yote imeandikwa kwa mashairi, mwanzo hadi mwisho. Walimu walikuwa wamegawanyika, wengine wakisema watoto watakikimbia, na mwisho wa mwezi huu sanduku zima la nakala zake lirudishwe kama dada hajakipitisha. Macho yalikuwa yamemchoka, kwa hiyo nilimsomea mimi, nikisoma mfululizo kama gazeti, naye akagonga kitanda akasema, “Pumua mstari ukiisha.” Nilimuuliza, sasa hii ni hadithi au ni shairi, akacheka tu, nikabaki gizani.

Alhamisi tarehe 16 Mei, mtoto wa kitabuni anasikia kengele ya mbuzi nyuma ya ukuta, muuguzi akaingia kubadilisha dripu, nikafunga kitabu, dada akafungua macho akasema, “Halafu?” Nikamjibu tutaendelea kesho, akalala, na alfajiri ya Ijumaa akatutoka.

Neno lile limenichanganya siku zote hizi, hadi leo asubuhi mwalimu wa darasa la nne aliponieleza kazi ya dada ilivyokuwa. Kitabu kipya alikisomea darasa kwa sauti, akifika katikati anakifunga, anatazama dirishani, kimya, na asipopatikana mtoto wa kuuliza “halafu?” kitabu kinarudi kilikotoka, akiuliza hata mmoja kinapigwa mhuri wa maktaba hapo hapo. Mwalimu mkuu, umesikia, sanduku lisirudi, ila kitakaa rafu ya hadithi au ya mashairi, hilo jamani mimi sijui, na wa kumuuliza ndiye huyu tunayemzika.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliovumilia makelele yangu wodini, majirani waliotupikia, na walimu wenzake wote.

Pumzika kwa amani, dada yangu, jioni nitakusomea ukurasa unaofuata, na mstari ukiisha nitapumua.