Kilo za Kweli za Jeki

Mgeni rasmi, mwenyekiti wa chama cha kunyanyua vyuma vizito, msaidizi wako, mama katibu wako, wazazi, majirani, wanachama, na nyinyi mliopanda ukutani kwa kukosa viti: wakubwa shikamooni, na wenzetu hamjambo.

KARIBU UANI

Tunajua umezoea kumbi zenye feni na vioo. Hapa kushoto ni karakana ya matairi, kulia ni ukuta wa jirani anayelalamika kila chuma kikitua, juu ni mabati, na chini ni sakafu ya mbao uliyokuja kuizindua. Siku mama katibu wako alipopiga simu kusema utakuja, kocha alisahau kuikata kwanza, akapiga ukelele. Mama katibu, kama sikio lako bado linavuma, tunaomba radhi.

Msomaji wa risala hii ni katibu wa klabu, fundi cherehani. Ameonywa mara tatu asisome mbio. Akisoma mbio, mvumilieni, maana leo sote tumeamka roho mkononi.

TULIVYOANZA

Klabu ilianza miaka sita iliyopita, watu wanne na bomba moja la maji. Kocha wetu ni mchukuzi wa mizigo, na mtaa mzima unamwita Mgongo. Alikuwa akipita hapa na gunia, akaona vijana wa karakana wanashindana kunyanyua matairi ya lori migongo ikiwa imepinda. Akatua gunia lake katikati ya njia.

"Nyie! Mtavunjika bado hata hamjaoa! Njooni niwaonyeshe mtu anavyonyanyua kitu."

Akawaonyesha, na hajaondoka mpaka leo.

Vyuma hatukuwa navyo. Mnunuzi wa vyuma chakavu wa mtaa wa pili alitupa ngoma za breki za lori, na sisi tukajaza zege kwenye ndoo. Kila kitu tulikipima kwenye mizani yake, bomba pia, tukakiandika namba kwa rangi nyeupe: tano, kumi, ishirini. Mizani nyingine ilikuwepo zahanati, lakini nani aende zahanati hali haumwi? Namba zile nyeupe tuliziamini kabisa.

BINTI WETU

Mgeni rasmi, huwezi kuzungumza na klabu hii dakika tano bila kumsikia Jeki. Ana miaka kumi na tisa, ni fundi wa matairi hapo mlango wa pili. Jina alilipata siku jeki ya karakana ilipokwama, mteja ana haraka. Binti akashika ukingo wa gari dogo, akainua upande mmoja, mwenzake akachomoa gurudumu. Mteja akauliza, "Hii jeki mmeinunua wapi?" Kuanzia siku hiyo jina lake la kuzaliwa limebaki kwenye cheti tu.

Jumatatu anachuchumaa na chuma mabegani. Jumatano analala kwenye benchi na kusukuma chuma kutoka kifuani. Ijumaa anavuta chuma kutoka sakafuni, na siku hiyo jirani wa kulia huenda kumtembelea dada yake. Jumapili analala kwa amri ya kocha, maana kocha anasema misuli hujengeka mtu akiwa amelala, siyo akiwa anajitazama kwenye kioo. Wavulana mliopo hapa mnajua maneno hayo aliyalenga wapi.

Jeki si mtu wa maneno. Kila akimaliza kunyanyua anaandika kwenye daftari lake, anapaka chaki mikononi, halafu anasema neno moja: "Ongeza." Mkanda anaojifunga kiunoni katibu aliushona kwa ngozi ya kiti cha lori, tabaka nne, ukavunja sindano saba. Ukutani ameandika namba moja tu, 300. Anataka jumla ya mitindo yake mitatu ifike hapo kabla hajafikisha miaka ishirini na moja, na anataka siku moja avae fulana yenye jina la nchi mgongoni. Hajawahi kututamkia hilo la fulana. Tuliliona kwenye daftari, na yeye anajua kuwa tuliliona.

Chakula chake ni kazi ya Bibi yake. Kocha aliandika utaratibu wa mlo kwenye kipande cha boksi: mayai matatu asubuhi, wali na maharage mchana, samaki na viazi jioni, maziwa kabla ya kulala. Bibi akausoma, akaukunja.

"Mchukuzi ndiye wa kunifundisha kupika?" akasema. Halafu akaufuata wote, ila mayai akayafanya manne. Tangu hapo Jeki hajaanguka mazoezini hata siku moja kwa njaa au kwa kizunguzungu.

MAFANIKIO, NA AIBU ILIYOKUJA NAYO

Mwezi uliopita tulimpeleka kwenye mashindano ya kuchuja washiriki wa taifa. Kwa mizani ileile ya vyuma chakavu Jeki alikuwa kilo hamsini na moja na nusu, basi tukamwandikisha kundi la kilo hamsini na mbili. Tulikwenda kwa gari la bosi wa karakana, watu kumi na mmoja, tukiimba njia nzima.

Asubuhi ya mashindano akapanda kwenye mizani ya chama. Mpimaji akatazama, akamtazama Jeki, akatazama tena. Hamsini na sita na nusu. Kilo nne na nusu zaidi! Kanuni ni kanuni: jina lilikuwa kundi lile, na kitabu kilishafungwa. Jeki hakugusa chuma siku hiyo. Alikaa kwenye benchi na mkanda wake mapajani, akiangalia wasichana wengine wakinyanyua.

Tulivyo watu, tukatafuta wa kumlaumu, na tukamwona mtu wa karibu kuliko wote. Katibu, anayesoma hapa mbele yako, ambaye ni mama mzazi wa Jeki na binti wa Bibi, alipiga simu nyumbani palepale.

"Mama, umemlisha mtoto mpaka umemharibia! Yai la nne ulimwekea la nini?"

Bibi alikata simu, na wiki nzima hakuingia jikoni. Bibi, uko hapo mstari wa mbele. Mbele ya mgeni rasmi na mbele ya majirani wote, klabu inakuomba radhi, na binti yako anakuomba radhi peke yake na kwa sauti: nisamehe, Mama. Hukukosea hata yai moja.

Tulijuaje? Tukiwa njiani kurudi, bila wimbo hata mmoja, Jeki ndiye aliyefungua mdomo.

"Kocha, kama mizani ilinidanganya mimi, na vyuma je?"

Mgongo akasimama gari likiwa kwenye mwendo, akagonga kichwa kwenye dari, wala hakuhisi.

"Simamisha gari!" akasema. "Hapana, usisimamishe! Kimbiza!"

Asubuhi yake tulipakia vyuma vyote kwenye mkokoteni, tukavisukuma mpaka ghala la nafaka, ambako mizani ina muhuri wa serikali. Karani wa pale akaweka ngoma ya kwanza.

"Mmeandika ishirini."

"Ndiyo."

"Hii ni ishirini na mbili."

"Rudia, ndugu yangu," katibu akasema.

"Dada, nikirudia mpaka jioni itakuwa ishirini na mbili."

Kumi ikawa kumi na moja. Tano ikawa tano na nusu. Bomba nalo likazidi. Mgeni rasmi, tulipiga vigelegele mpaka wapagazi wa ghala wakadhani kuna harusi. Miaka miwili tangu ajiunge nasi, binti huyu alikuwa anaandika kwenye daftari namba ndogo kuliko kazi aliyofanya! Alipojiona anavuta mia na ishirini, alikuwa anavuta mia thelathini na mbili. Yeye mwenyewe alikaa juu ya mkokoteni, akalia, kisha akacheka, kisha akasema lile neno lake.

Mwenye mizani ile, mnunuzi wetu wa vyuma chakavu, yupo nasi leo, nyuma ya nguzo pale. Anasema springi imechoka. Fundi wa mizani alituambia springi ikichoka huzidisha, haipunguzi, na anayenunua kwa kilo hufaidi mizani ikipunguza. Klabu imekaa kikao, ikaamua kwamba springi imechoka. Vyuma alitupa bure, na ameshaleta springi mpya.

CHANGAMOTO

Jirani wa kulia tumeshamtaja. Mvua ikinyesha, mabati yanavuja juu ya benchi, na anayesukuma chuma kifuani hunawa uso bila kupenda. Haya tunayaweza wenyewe.

Tusiloliweza ni hili. Kwa kundi la kilo hamsini na saba, ambalo ndilo lake la haki, nafasi ya taifa inataka jumla ya kilo mia mbili na tisini. Kwa hesabu mpya ya vyuma vyetu, Jeki amefikisha mia mbili tisini na moja na nusu. Amevuka kwa kilo moja na nusu, uzito wa kuku mdogo. Tukaandikia ofisi yako. Tulijibiwa kwa heshima kwamba kilo zilizopimwa na wenyewe hazihesabiki. Kwamba aliyekosa mchujo anaweza bado kuingia orodhani akinyanyua vyuma vyenye muhuri, mbele ya waamuzi watatu wenye kadi ya chama. Na kwamba orodha inafungwa Jumatatu.

Leo ni Jumamosi.

MAOMBI

Mgeni rasmi, barua yetu ya mwaliko ilisema uje kuzindua sakafu. Ni kweli, sakafu ni mpya, na utepe huo hapo. Lakini barua ilisema pia uje na msaidizi wako na mama katibu, na huenda mlijiuliza kwa nini uani hapa padogo paite watu watatu. Tuliwatafuta kwenye orodha ya chama. Nyote watatu mna kadi ya uamuzi, na zote hazijaisha muda.

Tusameheni ujanja huo. Hatukuwa na njia nyingine, na muda ulikuwa unatukimbia.

Chuo cha ufundi kimetuazima seti ya vyuma vyenye muhuri kwa siku moja. Viko chini ya turubai lile, na hati yake iko mkononi mwa kocha. Viti vyenu tumeviweka kimoja mbele na viwili pembeni, kama kanuni inavyotaka. Chini ya kila kiti kuna bendera mbili, nyeupe na nyekundu. Mama katibu, chumba cha nyuma kuna mizani iliyokaguliwa na wakaguzi wa serikali, na Jeki yuko humo anakungoja umpime. Tangu jana jioni hajala kitu, na Bibi hapo mbele ameketi juu ya kifuniko cha sufuria ili asishawishike kumpa.

Hatuombi fedha, wala mabati. Tunaomba saa moja yenu.

Wala hatuombi mumhurumie. Akizidi hata nusu kilo, mwambieni avae viatu aende kula. Nyonga isiposhuka chini ya goti, inueni nyekundu. Chuma kikitetemeka na mkono usinyooke, nyekundu. Mama yake atakuwa wa kwanza kuwapigia makofi, ingawa atakuwa analia. Huyu ni mtoto aliyefanya kazi miaka miwili akiambiwa kila siku kwamba amefanya kidogo kuliko alivyofanya, na akaamini, na bado akasema "ongeza". Tunachotaka ni mara moja tu aambiwe kiasi chake, kiwe kikubwa au kidogo, na watu wanaojua kupima.

Mwenyezi Mungu awajalie nyote watatu afya, macho makali, na mkono usioona haya kuinua bendera ya rangi yoyote inayostahili. Awarudishe kwenu salama, na safari hii iwe na kitu cha kusimulia.

Katibu anaomba ruhusa aishie hapa, kwa sababu mlango wa chumba cha nyuma umefunguka, na binti yetu ametoka kumwita mama katibu kwenye mizani, akiwa ameshapaka chaki mikononi.

Ni sisi wenu, mkiwa tayari, nasi tuko tayari,
Klabu ya Vyuma ya Uani.